Kitabu Kisichopanda Pikipiki

Baraka, tarehe 4 Juni 2023

Mjomba Casimir mpenzi,

Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, wewe na Mama Florentine, na binti yenu Gentille ambaye nasikia siku hizi anajitazama kwenye kioo hata akienda kuchota maji. Sisi hatujambo. Mume wangu Raphaël bado anafundisha darasa la sita na bado anakohoa chaki. Aline wetu ameng'oka meno mawili ya mbele na anakataa kucheka mbele ya wageni. Ziwa limetuhurumia mwezi huu: nimempa Vainqueur wa pikipiki mfuko wa ndagala wakavu akuletee pamoja na barua. Ukiona mfuko umelegea, muulize yeye, si mimi.

Sasa jambo lenyewe. Unajua huu ni mwaka wa pili nasoma. Majirani wananiona nimejifungia chumbani kila nikitoka kazini, wanasema mke wa mwalimu amekuwa na maringo, kumbe niko darasani. Masomo yanakuja kwa kompyuta. Mwalimu yuko mji wa mbali sana, anaongea vizuri, halafu uso wake unaganda mdomo ukiwa wazi: mega za intaneti zimekwisha. Nikikimbia kununua nyingine, narudi nakuta amemaliza sura nzima. Ndivyo tunavyojifunza usimamizi wa fedha za umma, yaani namna ya kupanga mali ya watu wote, kuitumia, na kuitolea hesabu mbele ya wenyewe. Nikimaliza nitakuwa na shahada ya pili, ya kwanza katika ukoo wa mama.

Limebaki jambo moja, kitabu cha mwisho kinachoitwa mémoire. Lazima nichunguze mali moja ya umma ambayo hesabu yake imetunzwa miaka kumi au zaidi. Siku ya mwisho ya kukitoa ni tarehe 30 Novemba. Nikichelewa, jina langu linafutwa na hakuna kurudi. Nikajiuliza, kwetu huku ambako tumekimbia na kurudi, nani ana karatasi za miaka kumi? Ndipo nikakumbuka daraja lenu la mbao, na kile kitabu chako ambacho kila anayeteremka kutoka Lubondja anakisifu. Wanasema kwa Casimir hata ubao mmoja haupotei.

Mjomba, niazime hicho kitabu. Mpwa ana haki ya kuchukua kuku wa mjomba bila kuomba. Mimi kitabu naomba, tena kwa adabu.

Mpwa wako,
Arlette


Lubondja, tarehe 18 Juni 2023

Mpwa wangu Arlette,

Ndagala wamefika, na mfuko haukulegea sana. Vainqueur anasema ni jua limewakausha zaidi njiani. Tumemsamehe. Mama Florentine anakusalimu, anakutumia maharage na chupa ya asali. Mihogo imezaa vizuri, magoti yangu yananisumbua kidogo tu, na mbuzi wa jirani amekula nusu ya kofia yangu.

Barua yako niliisoma mara tatu, ya tatu nikaisoma kwa sauti mbele ya watu. Shahada ya pili! Dada yangu, mama yako, angekuwa hai angepita nyumba kwa nyumba. Kabati alilotuachia alipohamia kwako Baraka bado liko sebuleni. Mwaka ule paa lilipovuja tulilisogeza ukutani. Ilihitaji wanaume sita, na mmoja wao hajanisalimu vizuri mpaka leo.

Kuhusu daraja, umechagua vizuri. Tangu mwaka 2011 mimi ndiye mtunza hesabu wake. Nyumba arobaini na tatu zinalitunza. Kila mwezi kuna Jumamosi moja ya salongo, kazi ya wote: mwenye nguvu analeta siku yake, mwenye miti analeta ubao, mwenye jiko analeta sufuria ya chakula cha wafanyakazi. Yote ninayaandika. Na kila mwanzo wa mwaka, baada ya ibada, nawaita watu nyumbani nawasomea yote kwa sauti, nyumba kwa nyumba, na anayebisha anabisha palepale. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatizo ni dogo: kitabu changu hakipandi pikipiki. Usiniulize kwa nini, ni kizito. Lakini usiwe na wasiwasi, nitakunakilia kila kitu kwa mkono wangu.

Sasa sikia habari kubwa. Gentille ameposwa! Kijana anaitwa Eugène, ni muuguzi, watu wake wako Fizi. Wanaleta mahari tarehe 12 Agosti. Njoo, nani mwingine atabisha bei ya mbuzi kama wewe?

Mjomba wako,
Casimir


Baraka, tarehe 9 Julai 2023

Mjomba,

Vigelegele! Nimevipiga peke yangu jikoni mpaka Aline akasahau meno yake akacheka. Mwambie Gentille nampelekea kitenge cha kijani, na akaze uso siku ile. Bibi arusi anayechekacheka anapunguza mbuzi.

Lakini mjomba, uchungu wangu ni huu: tarehe 12 Agosti ni siku ya mtihani. Nimewaandikia kuomba wanisogezee, wakajibu kwamba mtihani unafanywa siku moja na saa moja na watu wa nchi kumi na nne. Nikafikiri kuwajibu kwamba katika hizo nchi kumi na nne hakuna hata mmoja ambaye binti wa mjomba wake anaposwa, Raphaël akaninyang'anya kompyuta. Nisamehe. Nitakuwa nimekaa Baraka mbele ya kioo cha kompyuta, roho iko kwenu inahesabu mbuzi.

Na ile nakala? Nimekutumia madaftari mawili na kalamu nne. Anza hata na mwaka mmoja. Kama kitabu ni kizito, kifunge kwa kamba nyuma ya Vainqueur. Huyo amewahi kubeba kitanda na mwenye kitanda juu yake.

Wako,
Arlette


Lubondja, tarehe 20 Agosti 2023

Mpwa wangu,

Ungekuwepo! Wakwe walifika saa nne asubuhi, watu kumi na wanane, wamevaa kama wanakwenda kumpokea askofu. Tulikuwa tumesafisha njia mpaka barabarani. Florentine na dada zake walifanya kazi wiki nzima kuipamba nyumba, sikuitambua. Kulikuwa na sombe ya majani ya mihogo, kulikuwa na samaki wa mikebuka kutoka kwenu ziwani, kulikuwa na mihogo ya kuchemsha na nyama ya aina mbili.

Mzee wao wa kuongea alianza kwa kusema wamepita tu, wamechoka, wanaomba maji. Nikasema maji yapo. Akasema wameona ua ndani ya maji hayo. Nikasema maua ya hapa yana miiba. Watu wakacheka sana. Walileta mbuzi watano. Nikasema naona wanne na mmoja mgonjwa. Wakaongeza wa sita, huyo ni wa mjomba wa binti, ndugu wa Florentine, aliyekuwa amenuna tangu asubuhi. Alipoona kamba mkononi mwake uso ulifunguka.

Kisha nikasimama kutoa hotuba. Ilikuwa hotuba nzuri, nimeitayarisha mwezi mzima. Ilikatika kidogo katikati, sababu ya vumbi, nikakaa. Eugène ni kijana wa heshima, aliniletea maji mwenyewe.

Gentille alivaa kitenge chako. Alichekacheka, kwa hiyo hatukufika mbuzi saba.

Mihogo mizuri, magoti mazuri. Salimu wote.

Casimir


Baraka, tarehe 3 Septemba 2023

Mjomba,

Salamu kwa wote. Sisi wazima. Mtihani nimeupita.

Nimesoma barua yako kwa furaha, na nimeihesabu kama nilivyofundishwa. Ina mbuzi sita, nyama za aina mbili, wageni kumi na wanane. Kitabu: sifuri. Nakala: sifuri. Neno lolote kuhusu daraja: sifuri. Wewe mtu wa kuandika kila ubao, umesahau?

Zimebaki siku themanini na nane. Tafadhali.

Arlette


Lubondja, tarehe 24 Septemba 2023

Mpwa wangu Arlette,

Amani iwe kwako na kwa nyumba yako. Mvua zimeanza. Njia imekuwa uji, na Vainqueur alianguka mara mbili Jumatatu. Yeye mzima, mayai hapana. Gentille anakusalimu.

Kuhusu ile kazi, sikuisahau hata kidogo. Ni kwamba miwani yangu imepata ufa. Halafu mkono wa kulia una baridi, na mvua hii giza linaingia ndani mapema. Na nikifikiri vizuri, daraja letu ni dogo mno kwa shahada kubwa kama hiyo. Nasikia kule Misisi kwenye dhahabu kuna masoko makubwa yenye makarani. Labda ungewauliza hao. Mimi ni mzee wa mbao tu.

Usinikasirikie.

Mjomba wako,
Casimir

Arlette, ni mi Mama Florentine. Muzee amenipa barua nifunge, mi nafungua kwanza. Iko anakudanganya. Miwani iko muzima. Kile kitabu haiko kitabu, ni ukuta. Ukuta wa sebule, ule mukubwa. Aliandikaka na makaa, vistari ni siku, misalaba ni mbao, miviringo ni sufuria zetu sisi bamama. Alianza vile juu ya vita. Alisema daftari inaungua, daftari inaibiwa, lakini ukuta muntu anaiacha na anarudi anaikuta. Tulikimbia mara mbili, tulirudi, ukuta ilikuwa inatungoja. Sasa bakwe balipotaka kuja, mi na badada zangu tulianza kupaka udongo mweupe. Nikamuuliza: tupake na ndani? Yeye iko anahesabu viti. Akajibu: Mupake yote. Tukapaka yote, ndani ilikuwa usiku wa mwisho, tukazunguka tu lile kabati la marehemu mama yako. Katikati ya hotuba ndiyo akageuka akaona. Vumbi gani? Tangu siku ile anaangaliaka ule ukuta sawa muntu wa kufiwa, na watu ba daraja hajabaambia. Mi pia nalia. Usimukasirikie, muzee iko na haya.


Baraka, tarehe 1 Oktoba 2023

Mjomba wangu,

Kwanza nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini, Raphaël akaja kuuliza kuna nini, nikamsomea, naye akakaa chini. Vita mara mbili vimeshindwa na ukuta ule, mahari ya Gentille yameuweza! Halafu nikalia kidogo. Usimfokee Mama Florentine. Angefunga barua hiyo bila kuifungua, mimi ningekaa hapa nikikuwazia mabaya. Mficha uchi hazai, mjomba.

Na kwa kuwa yako imejulikana, sikia na yangu. Nilikuandikia mwezi wa sita kama mtu anayeanza safari. Si kweli. Mwaka jana nilikwisha kutoa kitabu kimoja. Niliandika juu ya wizara ambayo sijawahi kukanyaga mlango wake, hesabu nilizitoa katika vitabu vya wengine. Walikirudisha. Mwalimu wangu aliandika sentensi moja tu: "Bibi, umenakili, hukuona." Nilishindwa, mjomba, nikarudia mwaka, na sikumwambia mtu isipokuwa Raphaël, kwa sababu nyinyi mlikuwa mmeshaanza kunisifu. Hii ni mara ya pili na ya mwisho. Sasa tumekuwa sawa, mimi na wewe, wote tumepaka udongo mweupe.

Sasa fanya ninavyokuambia, na usibadilishe hata kidogo.

Mama Florentine anasema walizunguka kabati. Uliniandikia mwenyewe kwamba kabati lilisogezwa ukutani paa lilipovuja. Ni mwaka gani ulioandikwa pale nyuma? Kama makaa bado yapo, tuna kipande. Katika masomo haya, mtu akitaka kujua kama hesabu ndefu ni ya kweli, hasomi yote. Anachukua kipande na kukipima. Lakini usilisogeze sasa! Wala usichungulie na tochi, nakujua.

Waite watu wote wa daraja. Waambie ukweli kuhusu ukuta. Kisha kila nyumba iseme kwa kinywa chake ilileta nini, mwaka kwa mwaka, kama ulivyokuwa ukiwasomea. Mtu mwingine aandike, si wewe. Nyumba zote zikimaliza, hapo ndipo msogeze kabati mbele ya macho yao. Tutaona vinywa na makaa kama vinaelewana. Visipoelewana, nitaandika hivyo pia, na nitashindwa nikiwa nimeona kwa kweli.

Naogopa, lakini nacheka. Fanya haraka.

Arlette


Lubondja, tarehe 22 Oktoba 2023

Mpwa wangu, mwalimu wangu,

Hatujambo, hatujambo kabisa. Siku tatu sikula vizuri kabla ya kuwaambia watu. Jana Jumamosi, salongo ilipokwisha, niliwapeleka wote nyumbani na matope yao miguuni. Nilisimama mbele ya ukuta mweupe nikasema: "Bandugu, miaka kumi na mbili yenu ilikuwa hapa. Ni mi nilisema bapake." Nikangoja wanitukane. Wakautazama ukuta. Kisha Dany, fundi wetu wa misumari, akauliza: "Sasa Papa Casimir, ile kikao ya mahari ndiyo ilitugharimu vile, na nyama hatukupata?" Wakaangua kicheko, Arlette. Nusu ya nyumba walikuwa wamekula nyama hiyo huko nje uani, Dany mwenyewe alirudia mara mbili.

Tukaanza. Mwalimu wa shule alishika daftari zako. Nilidhani tutapata robo tu, lakini nilikuwa sijui nimewafanya nini watu hawa kwa kuwasomea kila mwaka. Wanayajua kama katekisimu! Mwanamke anasema, "Mwaka Junior alizaliwa, sisi siku kumi, mbao tatu, sufuria nne," na jirani anaitikia, "Tano, ile ya maharage yenye chumvi mingi umesahau?" Dany alitaja siku tisa za mwaka 2017, mama yake mzazi akasimama akasema, "Nane. Moja ulilala mu kivuli ya mihogo na koleo kichwani." Dany akakataa, akataka iandikwe tisa. Mwalimu akaandika zote mbili, ya Dany na ya mama.

Mama Gloriose, Mrundi aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Lusenda akaja kulima kwetu, alisema sufuria saba kwa mwaka huohuo. Tukaandika saba.

Jua lilikuwa linaelekea mlima tulipomaliza nyumba zote arobaini na tatu. Tukaliendea kabati. Wanaume sita, na yule asiyenisalimu vizuri alikuwa wa kwanza kushika. Likasogea. Arlette, makaa yalikuwa pale! Mwaka mzima wa 2017, nyumba zote, meusi kama nimeandika jana. Nikasoma kwa sauti, mwalimu akafuata na kidole katika daftari. Nyumba arobaini na moja, sawasawa. Dany: vistari vinane. Mama yake alizunguka sebule akicheza. Na Mama Gloriose: miviringo tisa. Alisema saba, ukuta unasema tisa. Akafunika uso. "Zile mbili nilisahau," akasema, "ilikuwa mwaka nilipokea habari ya kifo cha kaka." Ni yeye peke yake aliyejipunja, na watu walimpigia makofi mpaka kuku wakakimbia.

Dada yangu amekulindia ushahidi nyuma ya kabati lake. Sina njia nyingine ya kulisema.

Sasa kuna jambo ambalo sikulipanga. Nilipomaliza kusoma, Florentine akasema, "Bado nyumba moja." Nikasema hakuna, ni arobaini na tatu. Akasema, "Na yetu?" Kweli, Arlette, miaka yote hiyo sikuwahi kujiandika. Anayeshika makaa hajichorei mwenyewe. Nilijiwekea sheria hiyo siku ya kwanza na sikumwambia mtu. Nilidhani hakuna aliyeona. Mtu mmoja nyuma akasema, "Ukitoa miezi ya kukimbia, salongo zimekuwa mia na ishirini na moja." Mwingine akasema, "Alikosa mbili. Moja ya malaria." Na Mama Gloriose akamaliza, "Na moja alipoteremka Baraka kumzika dada yake." Wakasema wote pamoja, wakubwa kwa wadogo: siku mia na kumi na tisa.

Nilitoka nje nikisema naangalia mbuzi. Nililia, mpwa wangu, na nililia vizuri.

Ndani, bila kuniuliza, Florentine alichukua kaa jikoni akaandika nyumba yetu juu ya ule udongo wake mweupe. Mistari yake imepinda. Daftari zinakuja na Vainqueur, zimefungwa katika plastiki mbili. Nimemwambia akianguka, aanguke juu yake.

Mjomba wako,
Casimir


Baraka, tarehe 11 Februari 2024

Mjomba, Mama Florentine, na nyumba zote arobaini na nne,

Hatujambo! Meno ya Aline yameota, makubwa kuliko uso. Nimekaa kimya karibu miezi minne kwa kuwa nilikuwa naandika, na baada ya kuandika nilikuwa nangoja, na anayengoja hana la kuandika. Kitabu nilikitoa tarehe 27 Novemba, siku tatu kabla. Alhamisi iliyopita ndiyo walinihoji.

Raphaël aliazima betri mbili. Nilivaa kitenge cha heshima juu, na kandambili chini kwa kuwa hawaoni miguu. Walikuwa walimu watatu ndani ya kioo, na wa katikati ndiye aliyeniandikia ile sentensi. Mega hazikukatika. Niliwaeleza siku, mbao na sufuria. Niliwaeleza kwamba kwenu bajeti haisomwi na anayeitunza peke yake. Inasikilizwa na wote, kila mwaka, mpaka inakaa vichwani, na kwamba hilo ndilo limeokoa hesabu yenu wakati maandishi yalipofutika. Mmoja akauliza kama vinywa vya watu vinaweza kuaminiwa. Nikampa kipande cha nyuma ya kabati: nyumba arobaini na tatu, makosa mawili. Nikamsomea ya Dany na mama yake. Alivua miwani akafuta macho kwa kicheko.

Kisha yule wa katikati akaomba nirudishe picha ya ukuta aliyoipiga Vainqueur alipochukua daftari. Akauliza kwa ukali, "Bibi, mstari huu wa mwisho ni mwandiko wa mtu mwingine. Nani ameingilia daftari?" Mjomba, nilikuwa nimetayarisha majibu kurasa kumi na hilo halikuwemo. Nikasema tu, "Huo ni wa mtunza hesabu. Hajiandiki mwenyewe. Ameandikwa na wenye daraja." Aliinama akaitazama picha ile, nikadhani ameganda. Halafu akasema, "Safari hii, bibi, umeona."

Nimefaulu! Alama ya juu ya darasa letu! Nilipiga vigelegele nikiwa bado kwenye kioo, nikasimama, wakaona kandambili.

Nakuja Ijumaa ya tarehe 23 na Raphaël na Aline. Nitachukua kuku yule mkubwa, na safari hii siombi.

Arlette


Lubondja, tarehe 18 Februari 2024

Mpwa wangu mwenye shahada,

Barua yako nimeisoma kanisani, mahali pa matangazo. Hata padri alipiga makofi. Kuku yule mkubwa amesikia pia. Tangu jana analala juu ya paa.

Florentine anauliza kama apake udongo upya kwa ajili ya kukupokea. Nimemwambia apake nje tu, nami nimeweka kiti mlangoni nakaa hapo mpaka ufike.

Kuhusu ukuta, tumeurudisha wote kutoka katika daftari za mwalimu, nyumba kwa nyumba, na kila nyumba imeshika kaa yenyewe. Chini ya mstari uliopinda wa Florentine, watu wamekuandikia wa kwako, nyumba ya arobaini na tano. Una kistari kimoja, cha siku ile ya kandambili. Nilisema ni kidogo kwa kazi kubwa kama hiyo. Mama yake Dany akasema kila mtu alianza na kimoja, cha pili utakipata Jumamosi. Ubao wa nne wa daraja umeoza, na koleo lako lipo.

Mjomba wako,
Casimir